Ulipata mtoto kwa IVF, halafu mimba ya pili ikaja yenyewe. Inakuwaje?

Mdogo wangu alidhani ni malaria. Mwanae alikuwa na miezi 11, bado ananyonya, na yeye kila akiamka mwili hauna nguvu, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inamfukuza jikoni, chai ya maziwa ambayo ndo ilikuwa maisha yake akiipeleka mdomoni anairudisha mezani. Akaenda kupima malaria, hamna. Akarudi baada ya wiki, wakapima mkojo wakamwambia UTI, akapewa dozi akamaliza. Hakuna aliyemuuliza kama ana mimba na yeye mwenyewe hakuwaza, maana huyo mtoto anayenyonya alimpata kwa IVF, yaani yai na mbegu kukutanishwa maabara, baada ya miaka saba ya ndoa, na mtu aliyetafuta mtoto miaka saba akikosa siku zake haanzi kufikiria mimba, anafikiria kila kitu kingine. Siku amelala kwenye kitanda cha ultrasaundi kwa ajili ya tumbo tu, dokta akanyamaza kidogo, akamgeuzia skrini, akamwambia mama, hapa kuna mtoto wa wiki 15.

Akanipigia simu analia. Furaha ilikuwepo lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu alijifungua kwa operesheni na kidonda hakijamaliza hata mwaka, na dawa alizokuwa anameza hakujua zimefanya nini. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijalisahau: "Dada, kwahiyo miaka yote ile nilikuwa mzima? Zile hela zote, zile sindano zote, nilikuwa sina tatizo?"

Nimeandika hii kwa ajili ya hilo swali. Maana najua hayuko peke yake, na majibu anayopewa na watu mtaani yanamuumiza mtu bure. Mawifi wanasema si tulikwambia ni haraka zenu tu. Shoga anasema IVF imefungua njia. Mwingine anasema kliniki walikula hela zenu kwa tatizo ambalo halikuwepo. Yote matatu hayako sawa, ingawa kila moja lina kipande cha ukweli kimechanganywa humo ndani, na ndo maana jambo lenyewe linachanganya.

Tuanze na hili: sio muujiza wa mara moja kwa miaka mia. Mwaka 2023 watafiti wa University College London walikusanya tafiti 11 zilizofanyika kati ya 1980 na 2021, zenye wanawake zaidi ya 5,000 ambao walishapata mtoto kwa matibabu ya uzazi kama IVF, wakaangalia wangapi walikuja kushika mimba nyingine kawaida. Walipata angalau mwanamke mmoja kati ya watano, na wengi wao ilitokea ndani ya miaka mitatu tangu wapate yule wa kwanza. Mmoja kati ya watano! Ukikaa kwenye benchi la kliniki na wanawake kumi waliopata watoto kwa IVF, wawili kati yao wanaweza kurudi na tumbo ambalo hakuna maabara iliyohusika.

Sasa angalia na hii ya Ufaransa, ilitoka 2012, maana ndo inayofungua fundo lenyewe. Walifuatilia wenza zaidi ya 2,000 waliopitia IVF miaka iliyotangulia. Kati ya wale ambao IVF iliwapa mtoto, asilimia 17 walikuja kupata mwingine bila msaada. Na kati ya wale ambao IVF ilishindikana, wakaondoka kliniki mikono mitupu, asilimia 24 walikuja kupata mtoto wenyewe. Rudia kusoma hapo. Wale ambao hawakuwahi kubeba mimba ya IVF ikafika mwisho, hawana kitu cha "kufungua njia", nao walipata, tena kwa wingi zaidi, na inaeleweka kwa sababu hao waliendelea kutafuta wakati wenzao tayari wana mtoto wanayelala naye usiku kucha hawajafumba jicho. Kwahiyo kama njia ilifunguka hata kwa ambao hakuna kilichowafungulia, basi kwa wengi wao njia haikuwa imefungwa. Ilikuwa nyembamba.

Hapo ndo neno letu la ugumba linapotudanganya. Ukisikia mtu ni mgumba au tasa unaelewa mlango umepigwa kufuli, basi. Lakini dokta akikuandikia hiyo kitu kwenye faili hasemi hivyo. Shirika la Afya Duniani linahesabu tatizo la uzazi kuanzia pale mmekaa miezi 12 au zaidi mnakutana bila kinga na mimba haijaingia, na kwa hesabu hiyo karibu mtu mmoja kati ya sita duniani atalipitia kwenye maisha yake. Ni kipimo cha muda. Wenza ambao mwanamke hajafika miaka 40, zaidi ya asilimia 80 wanapata ndani ya mwaka wa kwanza, na wale waliobaki kama nusu yao wanapata mwaka wa pili bila kufanyiwa chochote. Hata watu wenye afya kabisa wasio na tatizo lolote, mwezi mmoja mmoja nafasi yao haizidi robo hivi. Sasa chukua mtu ambaye nafasi yake kwa mwezi ni asilimia moja au mbili badala ya ishirini, huyo anaweza kukaa miaka mitano bila kitu, na akapata mwaka wa nane, na hakuna mtu aliyedanganya.

Mimi namuelezeaga mdogo wangu kwa mfano wa maji. Wote tumekaa mtaa ambao bomba linatoa kauzi kembamba, usiku wa manane, siku mbili kwa wiki, na siku nyingine hayatoki kabisa. Una ndoo tupu na watoto wanataka kuoga, unafanya nini, unaita boza. Boza likija likijaza simtank halijatengeneza bomba, na pia halijathibitisha kuwa bomba limekufa, limekupa maji leo kwa sababu ulikuwa na shida leo. Halafu usiku mmoja umeacha koki wazi unaamka ndoo imejaa. Hela ya boza haikuibiwa. Kama ungesubiri bomba labda ungepata, labda usingepata kabisa, na umri haukuwa unakusubiri.

Lakini, na hapa naomba utulie, kuna bomba lenye presha ndogo na kuna bomba lililokatwa. IVF inaruka kizuizi, haikiondoi. Wanakupa sindano ili mayai mengi yakomae kwa pamoja, wanayatoa kwa sindano kupitia ukeni, wanayakutanisha na mbegu maabara, kiinitete kikikua siku tatu au tano wanakiweka kwenye kizazi. Mirija ya uzazi, ile inayopitisha yai kwenda kwenye kizazi, imerukwa yote, safari ya mbegu imerukwa. Baada ya kujifungua, kizuizi chako kipo palepale kilipokuwa, isipokuwa kama kuna kitu kilirekebishwa. Kwahiyo swali sio "IVF inafungua njia au haifungui", swali ni wewe kizuizi chako kilikuwa kipi.

Mirija ndo nitakaa hapo zaidi, kwa sababu huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara ndo sababu inayotutesa kuliko wenzetu wa Ulaya. Kisonono na klamidia ambazo hazikutibiwa mapema, maambukizi baada ya kujifungua, maambukizi baada ya mimba kutoka au kutolewa kwenye mazingira machafu, yanaacha makovu ndani ya mirija, wengine wanaijua kama PID, maambukizi ya kizazi na mirija, iliyokaa muda mrefu. Na hii ndo sababu ile namba ya mmoja kati ya watano usiibebe nzima nzima ukajipa wewe. Humo wamechanganywa wanawake wa kila namna, wale ambao hawakuonekana na tatizo lolote na wale wenye mirija mibovu, na nafasi zao hazilingani hata kidogo.

Kama ulifanyiwa operesheni ukatolewa mirija yote miwili, kitu ambacho madokta wengi wanafanya kabla ya IVF pale mrija unapokuwa umejaa maji kwa sababu yale maji yanapunguza nafasi ya kiinitete kushika, basi mimba ya kawaida kwako usiihesabie kabisa. Kama ulitolewa mmoja na wa pili ni mzima, hiyo ni habari nyingine, mrija mmoja unatosha. Na kama uliambiwa mirija imeziba kwa ile picha ya HSG peke yake, wanakupitishia dawa kwenye kizazi halafu wanapiga eksirei, jua kwamba wakati mwingine mrija unajikaza palepale kwenye mlango wake kwa sababu ya maumivu, dawa haipiti, ripoti inaandikwa umeziba kumbe ulijikunja tu kwa dakika zile. Mdogo wangu ndo ilikuwa hivyo kwa mrija wa kulia, wa kushoto ndo ulikuwa na shida kweli, na hilo tulilijua baadaye sana, baada ya mimba ya pili kuwa kwenye kizazi inapotakiwa kuwa.

Hiyo sentensi ya mwisho nimeiandika kwa makusudi. Mrija wenye kovu ambao haujaziba kabisa ni hatari kuliko ulioziba, kwa sababu mbegu ni ndogo inapita lakini yai likisharutubishwa linakwama njiani na mimba inatunga humohumo. Mimba nje ya kizazi inaua, mrija ukipasuka damu inamwagikia tumboni na nje huoni kitu. Kwahiyo mwanamke mwenye historia ya mirija ambaye amepata mimba ya ghafla, furaha ije baadaye kidogo, kwanza ultrasaundi wiki ya sita au ya saba kuona mimba iko wapi. Na maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, damu kidogo kidogo, kizunguzungu, au maumivu kwenye ncha ya bega, hilo la bega watu hawalijui kabisa, usisubiri asubuhi, usinywe panado ukalala, chukua bodaboda, chukua chochote, nenda hospitali usiku huohuo.

Kwa wenye PCOS, ile hali ya homoni za ovari kuvurugika, mambo ni tofauti na yana matumaini zaidi. Hapo mirija mara nyingi ni mizima, shida ni yai halipevuki au linapevuka linapojisikia, mara miezi miwili, mara minne. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwanamke mmoja kati ya kumi hivi wa umri wa kuzaa anayo, na wengi hawajui. Hapa "imefungua njia" ina ukweli wake kidogo: kuna wanaojifungua na baada ya hapo siku zao zinaanza kujipanga kuliko zamani, na umri nao unasaidia, wenye PCOS wengi mizunguko inatulia wakielekea miaka ya 30 na kitu. Halafu wengi wakati wa kujiandaa na IVF walipunguza uzito, na kupungua hata asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wako kunaweza kurudisha upevushaji. Wakati wa maandalizi hayohayo kuna waliotibiwa tezi ya shingo, kuna walioshushiwa ile homoni ya maziwa iliyokuwa juu bila sababu, kuna waliotolewa kinyama ndani ya kizazi au kukatwa makovu. Kwa hao kizuizi kiliondolewa kweli, tena na mikono ya dokta, ila sifa yote ikaenda kwenye IVF.

Endometriosisi, yaani nyama kama ya ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi, inatulia ukiwa na ujauzito na wakati unanyonyesha kwa sababu hedhi imesimama, kwahiyo kuna kadirisha kadogo baada ya hapo, ila mimba sio dawa yake, inarudi.

Na wale walioambiwa "hatuoni tatizo", vipimo vyote viko sawa lakini mtoto hamna, hao ndo wenye bomba la presha ndogo hasa. Najua jinsi hiyo sentensi inavyochoma, unatoka kwa dokta huna hata jina la ugonjwa la kumlaumu. Lakini kwa mimba ya pili hao wako kwenye nafasi nzuri.

Baba naye asisahaulike, maana tunaongea mirija na mayai kama vile mwanamke anajipa mimba mwenyewe. Kama mbegu zilikuwa chache au hazikimbii vizuri, mkafanyiwa ile ya kuchoma mbegu moja ndani ya yai, ICSI, mimba ya kawaida inawezekana, mbegu chache sio sifuri. Na mbegu zinabadilika, zinatengenezwa upya kila miezi miwili na nusu hivi, mwanaume aliyeacha sigara, aliyepona maambukizi, au aliyeacha sindano za testosteroni za kujaza misuli, vipimo vyake vya leo sio vya miaka mitatu iliyopita. Kama zilikuwa sifuri kabisa na walizitoa kwa sindano kwenye korodani, hapo usitegemee mpaka sababu yenyewe itibiwe.

Kuna waliotumia mayai ya kuchangiwa kwa sababu yao yaliisha mapema kabla ya miaka 40. Hata hao, asilimia 5 mpaka 10 hutokea wakashika mimba yao wenyewe, maana ovari kama hiyo inalala na kuamka bila taarifa. Ni wachache, lakini wapo.

Hapo nimekumbuka hofu moja inayosambaa sana, kwamba IVF inamaliza mayai kwahiyo huwezi kuja kushika kawaida. Hapana. Kila mwezi mwili unaanzisha mayai kadhaa kwa pamoja, moja linashinda linapevuka, mengine yote yanakufa mwezi uleule. Sindano za IVF zinayaokoa yale ambayo yangekufa, hazichoti ya mwezi ujao. Na kile kipimo cha akiba ya mayai, AMH, kikiwa chini kinasema ovari zako zitajibu kidogo ukichomwa sindano, hakisemi huwezi kushika mimba. Kuna utafiti wa Marekani wa 2017 kwa wanawake 750 wa miaka 30 mpaka 44 ambao hawakuwa na historia ya tatizo la uzazi, waliokuwa na AMH ya chini hawakuchelewa kushika kuliko wenzao. Umri ndo unaokula nafasi, na umri hauna huruma na mtu, aliyefanya IVF na asiyefanya.

Na ile ya "ulitulia, ukaacha kuwaza, ndo ikaja"? Naichukia hii kauli kwa moyo wangu wote. Mwaka 2011 zilikusanywa tafiti 14 zenye wanawake 3,583, wakaangalia kama mwanamke aliyeanza matibabu akiwa na mawazo na huzuni anapata mimba kidogo kuliko aliyetulia. Hakuna tofauti. Mwanamke hakujikosesha mtoto kwa kuwaza. Aliwaza kwa sababu hana mtoto. Hivi mtu amekaa miaka saba anaulizwa kila Idi na kila Krismasi "vipi, bado?", halafu unamwambia kosa lilikuwa ni mawazo yake?

Sasa turudi pale mdogo wangu alipoangushwa. Alipompeleka mtoto kliniki wiki ya sita, nesi alikuwa anauliza kila mama unatumia njia gani ya uzazi wa mpango, akifika kwake akaona kwenye kadi ameandikwa IVF, akatabasamu akasema wewe tena mama, wewe haikuhusu. Kwa nia njema kabisa. Na yeye aliona aibu hata kufikiria kuuliza, maana ukitoka kutafuta mtoto kwa miaka saba kuulizia kitanzi unaona kama unamkufuru Mungu. Wote wawili walikosea, na gharama ikawa mimba juu ya kovu la operesheni la miezi nane.

Kunyonyesha kunakinga kwa masharti matatu yote kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, anakunywa maziwa ya mama tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Hapo kinga ni kama asilimia 98. Sharti moja likivunjika, umeanza kumpa uji, umeona siku zako, au miezi sita imepita, kinga imeondoka. Na kitu kinachowapiga wengi ni kwamba yai linapevuka kabla ya hedhi ya kwanza, kwahiyo unaweza kushika mimba bila kuona damu hata mara moja tangu ujifungue. Asiyenyonyesha kabisa yai linaweza kupevuka ndani ya wiki nne tu.

Kwa nini kusubiri ni muhimu? Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni angalau miezi 24 tangu mtoto azaliwe ndo uanze kutafuta mwingine. Kwa aliyejifungua kwa operesheni, mimba inayowahi sana inaongeza hatari ya kovu kuachia wakati wa uchungu, na akina mama wa IVF wengi wanazaa kwa operesheni. Ila mimi najua hesabu ya mama wa miaka 39 sio hesabu ya mama wa miaka 28, huyo wa 39 miezi 24 ni mingi sana kwake, kwahiyo azungumze na dokta wake wapange pamoja, asikae anajihukumu kwa kanuni ya kwenye bango.

Na ukitaka kujikinga kwa muda, chagua njia kwa kuangalia unataka mwingine lini. Sindano ya miezi mitatu ni nzuri kwa wengi, lakini uzazi unachelewa kurudi, kwa kawaida kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho na wengine zaidi, na kwa mtu ambaye bomba lake tayari lina presha ndogo hiyo miezi ni mali. Kitanzi, kijiti, kondomu, ukiacha leo umeacha. Vidonge vya homoni mbili havifai kwa anayenyonyesha kichanga, kuna vile vya homoni moja, uliza.

Kama kinyume chake ndo unachotaka, yaani unatamani wa pili aje kawaida, omba nakala ya faili lako kule ulikotibiwa, lote, na ripoti ya HSG na vipimo vya baba, usiridhike na "ulikuwa na shida ya mirija". Mrija upi, umeziba wapi, ulitolewa au upo. Kwa majibu hayo dokta yeyote wa wanawake anaweza kukuambia kama kujaribu kuna maana au ni kupoteza muda. Anza asidi ya foliki mapema, mikrogramu 400 kila siku. Na jiwekee mwisho: kama umefika miaka 35, miezi sita ya kujaribu inatosha ndo urudi, ukifika 40 nenda kaongee nao kabla hata hujaanza.

Watu wananiuliza pia kuhusu watoto wenyewe, kama mtoto wa IVF naye atakuja kuhangaika. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kwa IVF, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mama yake Lesley mirija ilikuwa imeziba, na mdogo wake Louise, Natalie, naye alizaliwa kwa IVF mwaka 1982, kwa mama huyu njia haikufunguka, ilibidi boza lije mara ya pili. Lakini Natalie mwaka 1999 alijifungua mtoto aliyempata kawaida kabisa, na Louise naye akajifungua wa kwake 2006, kawaida vilevile. Mirija ya mama haikurithiwa na mabinti. Huku kwetu Uganda walipata wa kwanza wao 2004 na Kenya 2006, kwahiyo hao nao sasa ni vijana, miaka sio mingi tutakuwa tunawaona na watoto wao.

Mdogo wangu alijifungua salama wiki ya 38, operesheni iliyopangwa, msichana. Miezi 17 nyuma ya kaka yake. Tangu pale ultrasaundi ilipomshtua aliwekwa chini ya uangalizi wa karibu, na lile kovu lilikuwa limekonda kweli, dokta alivyofungua alituambia.

Swali lake la "nilikuwa mzima?" tulilijibu taratibu, kwa vipande, nikiwa namsaidia kufua nepi. Hukuwa mzima, ulikuwa na mrija mmoja mbovu na mwingine ambao haukusomwa vizuri, na mayai yasiyofuata kalenda. Huyu wa kiume bila ile kliniki usingekuwa naye, na huyu wa kike hakumfuta kaka yake.

Kilichobaki hakina jibu jepesi. Kule kliniki kuna viinitete vyao vitatu vimegandishwa tangu ile raundi, na kila mwaka mwezi wa tatu unaingia ujumbe wa kulipia hifadhi. Mwaka jana walilipa. Mwaka huu ujumbe umeshaingia, mume wake anasema tulipe tena kwanza tutafakari, yeye amenyamaza, na mimi sijamwambia afanye nini.